Mwanangu hawezi kuupa mlango mgongo: ni jini?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Tuko Goma. Tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025, mwanangu wa miaka 16, aliyeona maiti njiani, hupiga kelele usingizini. Alfajiri inampita, na msikitini haendi; anasema hawezi kuupa mlango mgongo. Ustadhi mmoja kasema ana jini na imani dhaifu, akamsomea huku akimchapa fimbo. Baba yake anataka arudishwe. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam. Usimrudishe, mama.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani hatubishani. Ninachokataa ni fimbo, na hiyo kauli ya imani dhaifu. Siku ya Khandaq, vita vya handaki, Masahaba walizingirwa Madina, na Mola mwenyewe katika Suratul Ahzab akaeleza macho yalivyokodoka na nyoyo zilivyopanda kooni. Aya inayofuata inawaita Waumini, waliotikiswa mtikiso mkali. Na Mtume (s.a.w.) alikuwa nao! Ustadhi anamtaka mtoto wa Goma awashinde hao? Atasema Ibn Taymiyya, yule mwanachuoni mkubwa wa zamani, alimpiga mwenye jini. Haya, naye ni Ibn Taymiyya? Hadithi ya kuwapiga watoto wa miaka kumi kwa ajili ya sala nayo inamhusu mzembe, na hata huyo wanavyuoni wamekataza kumuumiza. Kumchapa mgonjwa ni dhulma, hata kama anayechapa ana msahafu mkononi.

Sala haimwondokei maadamu ana akili zake. Iliyompita usingizini ailipe aamkapo. Lakini hofu na maradhi ni udhuru wa kuacha sala ya jamaa msikitini, basi asali nyumbani. Kuhusu mlango, soma aya ya 102 ya Suratun Nisaa, ya sala ya vitani: kundi moja linasali, jingine linalinda, kisha wanapokezana. Sheria haikumwambia mwenye hofu ajifanye haogopi, ilimwekea mlinzi. Basi baba yake akae auangalie mlango mpaka mtoto atoe salamu, ndipo naye asali.

Mtume ametuamrisha kutafuta tiba. Hapo Goma kuna kituo cha magonjwa ya akili, Tulizo Letu. Kinasimamiwa na mabruda wa Kikatoliki, na hilo lisikuzuie hata kidogo. Akianza kutaja kufa, usimhutubie kuhusu haramu ya kujiua. Msikilize, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo.

Na baba yake aache kumwita mwoga, kama amewahi. Huko kwenu makundi yenye silaha yanatafuta vijana wa umri wake, nao hawatamwita mwoga.