Mama ana chembe sahani chache, operesheni ya mtoto wa jicho ndo basi tena?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 66, ana ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia chembe sahani (pleteleti, zile za kugandisha damu), kila tukipima zinacheza kwenye 45,000 hadi 55,000 na anameza prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, mwaka wa pili sasa. Mtoto wa jicho amekomaa macho yote mawili, juzi kamimina maji ya moto nje ya kikombe, yakamwagikia mkononi. Tulipoenda kwa ajili ya operesheni wakaona majibu ya damu wakasema haiwezekani, atavuja damu. Ndo basi tena? Na kwa nini wasimuongezee tu damu siku hiyohiyo wakamfanyia?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, huo mkono umeniuma hata mimi.

Sio basi. Kawaida mtu anakuwa na chembe sahani 150,000 hadi 450,000 kwenye mikrolita moja ya damu, kwa hiyo za mama ni chache kweli na waliosita hawakukosea kuwa waangalifu, ila namba peke yake haitoshi kumrudisha mtu nyumbani, lazima uulize wanakata wapi na ganzi inaingiaje. Kwa operesheni nyingi kubwa madaktari wanataka angalau 50,000, na wakigusa nyuma ya jicho, kule kwenye retina, wanataka 100,000. Mtoto wa jicho yuko mbele. Kwa ile njia ya mashine wanapasua katundu ka milimita 2 au 3 hivi kwenye konea, ile ngozi angavu ya mbele, na konea haina mishipa ya damu kabisa, sasa damu itoke wapi? Ile njia nyingine ya kuingilia kwenye weupe wa jicho inagusa mishipa kidogo, na mtoto wa jicho aliyekomaa sana mara nyingi hutolewa hivyo, kwa hiyo ulizeni mapema wamepanga ipi.

Mimi kinachonitisha zaidi ya kisu ni sindano ya ganzi inayochomwa nyuma ya jicho. Ikitoboa mshipa kule, damu inajaa mahali hapana nafasi, jicho linasukumwa mbele, mshipa wa fahamu wa kuonea unabanwa, na mtu anaweza kupofuka ndani ya masaa. Kwa mtu kama mama nataka ganzi ya matone, basi. Semeni hilo kabla hajapanda kitandani, msisubiri kuulizwa.

Kuhusu kuongezewa, kwa ugonjwa wa mama chembe sahani za kupewa nazo zinaliwa haraka na kinga ileile inayokula zake, ndo maana huwa zinawekwa kwa ajili ya dharura, mtu akiwa anavuja damu kweli. Kinachosaidia ni daktari wa damu kukaa na wa macho wiki kadhaa kabla, akiona haja anaongeza dozi ya dawa kwa muda au anampa dripu ya imunoglobulini (kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya wachangiaji), ambayo mara nyingi inapandisha namba ndani ya siku chache. Prednisoloni asiache ghafla hata siku moja, ni hatari. Ila mjue dawa hiyohiyo ikitumika muda mrefu inaleta mtoto wa jicho na inapandisha presha ya jicho, kwa hiyo presha ya macho ipimwe.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikae mbali naye, maumivu atumie paracetamoli. Presha ya mwili nayo ishuke kwanza maana ikiwa juu inaongeza hatari ya damu kuvuja ndani ya jicho wakati wa operesheni, ni nadra lakini ikitokea ni balaa. Kikohozi na choo kigumu vitibiwe kabla, kule kujikamua kunasukuma damu kichwani.

Akishafanyiwa, wekundu kidogo juu ya weupe wa jicho usiwatoe roho. Lakini maumivu makali yanayozidi, kutapika, jicho kutokeza nje, au akikwambia "mwanangu sioni tena" wakati asubuhi alikuwa anaona, mpelekeni usiku huohuo. Na jicho la pili lisiguswe mpaka la kwanza litulie.