Kabla ya Kupaka Rangi: Kwa Wanaoanza Kuandika na Kuchora Vitabu vya Watoto

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia rangi. Huchora ukurasa wa kwanza mpaka ukapendeza, kisha hugundua kuwa hadithi haitoshi kitabu, au imefurika. Anza na kitabu cha mfano, kwa penseli, bila kujali uzuri.

Kitabu cha picha kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mashine ya chapa hukunjwa kuwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukitoa jina la kitabu, hakimiliki na tabaruku, hadithi hubaki na jozi 12 hadi 14 hivi za kurasa zinazotazamana. Chukua karatasi 8, zipange pamoja, zikunje katikati, bana pini kwenye mkunjo: umepata kurasa 32. Andika maneno ndani kwa mkono, chora vijitu vya haraka, halafu soma kwa sauti huku ukifunua.

Hapo kitabu kitakuonyesha udhaifu wake. Mtoto hufunua ukurasa kwa kuwa anataka kujua kitu, basi swali likae kulia na jibu lijifiche nyuma yake. Ukiweka swali kushoto na jibu kulia, jicho litaliona jibu kabla msomaji hajamaliza sentensi, na mshangao umekufa. Kosa hili hulioni kamwe ukiwa na maandishi matupu kwenye kompyuta.

Maneno nayo yapunguze; vitabu vingi vya aina hii havifiki maneno 500. Kama picha inaonyesha mvua, usiandike kuwa mvua inanyesha. Andika kile ambacho picha haiwezi kusema: harufu, sauti, anachokiwaza mhusika.

Kabla ya picha za mwisho, mchore kila mhusika kwa mbele, ubavuni, mgongoni, akikimbia, akilia. Bandika karatasi hiyo mbele yako. Bila hiyo, msichana wa ukurasa wa 5 atakuwa amerefuka kufikia ukurasa wa 25, na vifungo vya shati vitakuwa vimeongezeka. Watoto huviona hivyo kabla ya mhariri.

Upande wa uchapishaji, ongeza milimita 3 za picha kila ukingo, maana kisu cha kukatia hakipiti palepale kila mara. Usiweke uso wa mhusika kwenye mkunjo wa katikati, utamezwa. Picha za kompyuta ziwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa halisi wa kuchapwa. Bluu na kijani vinavyowaka kwenye skrini hufifia kwenye wino, kwa hiyo omba nakala ya majaribio. Maandishi yasichorwe ndani ya picha: kitabu kikitafsiriwa, picha nzima italazimika kurekebishwa.

Kwa mchapishaji peleka maandishi kamili, kitabu cha mfano, na jozi mbili au tatu tu zilizokamilika. Mhariri karibu kila mara hubadilisha mpangilio, na picha 14 zilizomalizwa ni vigumu kuzifumua.

Mkataba usomwe neno kwa neno. Malipo ya awali kwa kawaida hukatwa kwenye mrabaha wako, yaani fungu lako la mauzo, hivyo hutapata nyongeza mpaka mauzo yayafidie. Hakikisha imeandikwa kwamba michoro halisi ni mali yako, na kwamba haki zitakurudia kitabu kisipochapwa tena.