Osha donge kabla ya kulaumu hamira
Dadangu, umesema boflo zako hapo Malindi zinaumuka vizuri kisha zinashuka jikoni, na hamira ni ile ile. Mimi ningeukagua unga kwanza. Kanda gramu 100 kwa maji kidogo, liache donge lipumzike nusu saa, kisha lioshe taratibu ndani ya bakuli, ukibadilisha maji hadi yasitoke meupe tena. Kinachobaki ni gluteni, yaani protini ya ngano inayoushikilia mkate ukiumuka, kidonge cha kijivujivu. Kivute: kikinyumbuka kama mpira, ngano yake ina nguvu, kikikatika upesi, unga huo ni wa keki na biskuti. Kipime pia kikiwa kibichi, mie kwa mkate hutaka gramu 28 kwenda juu. Weupe wa unga usikushughulishe. Jaribu mifuko miwili tofauti siku moja, utaisikia tofauti vidoleni.