Maswali na majibu: Harufu ya mwili kazini, unaisemaje?

Ninasimamia duka Dar es Salaam. Kijana wa kaunta ananuka kikwapa, wateja wameshalalamika. Nianzeje?

Mwite faragha mwishoni mwa zamu. Ukimwambia asubuhi, atahudumia wateja siku nzima huku akijinusa. Usitangulize sifa nyingi, zitamchanganya. Sema: "Nina jambo gumu kidogo, nimeona nikuambie mwenyewe. Siku hizi ukiwa karibu nasikia harufu ya jasho. Huenda wewe huisikii." Hilo la mwisho ni kweli, maana pua huzoea harufu inayokaa nayo muda wote. Kisha nyamaza, umpe nafasi.

Usiseme "watu wanalalamika." Ataanza kumsaka aliyemsema, na lile la harufu litasahaulika. Usimuulize kama anaumwa. Akikueleza mwenyewe, liishie kwako. Kama mfanyakazi ni mwanamke na wewe ni mwanamume, mpe kazi hiyo msimamizi mwanamke, si mwanamke yeyote tu wa ofisini. Mkubaliane kuongea tena baada ya wiki mbili.

Nilimwambia wangu, akasema anaoga mara mbili kwa siku. Ananidanganya?

Pengine anasema kweli kabisa. Jasho likitoka halinuki sana. Bakteria wa kwapani ndio hulivunja likaanza kunuka, na harufu hiyo hung'ang'ania shati, hasa la poliesta, hata likifuliwa. Apige pasi sehemu ya kwapa: likipata joto likanuka, tatizo liko kwenye nguo. Aloweke shati nusu saa katika lita nne za maji na kikombe kimoja cha siki nyeupe, alisuuze, alifue, aanike juani. Siki isichanganywe na jiki kamwe, hutoa gesi ya sumu. Wakati wa masika, nguo zilizokaukia ndani huvunda zenyewe.

Dawa ya kuzuia jasho hupakwa usiku, kwapa likiwa kavu. Ikipakwa asubuhi juu ya jasho, huoshwa na jasho hilo kabla dawa haijaanza kufanya kazi.

Na wewe jiulize umempa sare ngapi. Shati moja kwa siku sita za kazi katika joto la Dar halitoshi, na hilo ni jukumu lako.

Mama mmoja tunayekaa naye meza moja ana harufu ya kinywa. Mimi ni mdogo kwake.

Kama mmezoeana, mwambie mkiwa wawili: "Mama, uniwie radhi, nakuambia kama mwanao. Nasikia harufu kinywani, labda kuna jino linakusumbua." Kama hamjazoeana, mwachie mtu wa rika lake. Kumpa pipi kila siku hakusaidii: hufunika harufu kwa muda mfupi, na sukari huharibu meno. Chanzo mara nyingi ni utando wa ulimi, fizi au jino lililotoboka. Apige mswaki dakika mbili, asubuhi na usiku, asugue na ulimi. Isipoisha, aende kwa daktari wa meno. Akiwa amefunga Ramadhani, subiri. Kinywa kikavu hunuka kwa yeyote.

Wenzetu wamemwekea mtu sabuni mezani bila kusema neno. Ni vibaya?

Ni vibaya sana, huko ni kumdhalilisha. Msimamizi aiondoe, awakanye waliofanya hivyo, kisha azungumze na mhusika kwa utaratibu wa hapo juu. Harufu ikitokana na ulemavu, jambo linakuwa zito zaidi: Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua au kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu hiyo.