"Kwa matumizi ya nje tu": nje ya wapi?

SWALI: Assalamu alaykum, mwalimu. Chupa ya dawa ya kuchua tuliyonunua imeandikwa "Kwa matumizi ya nje tu". Bibi kagoma kuchuliwa chumbani, ataka atolewe uwani, maana ndivyo ilivyoandikwa. Je, hicho ni Kiswahili? Na maagizo haya ya kipuuzi yana haja gani? Hata pakiti ya njugu imeandikwa "Huenda ina karanga"! (Msomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Waalaykumu salaam. Bibi ana haki. "Nje" likiachwa peke yake, Mswahili huelewa nje ya nyumba. Mwenye kukusudia nje ya mwili hana budi autaje mwili. Hapo ilitosha kuandika "Ya kuchua tu, si ya kunywa". Nami napendelea "si ya kunywa" kuliko "usinywe", kwa kuwa katazo lisilotaja kitu huelea. Tazama vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya: "Usile". Nisile nini? Mtu akikisoma mwezi wa Ramadhani atadhani anakumbushwa saumu. "Si chakula" lingetosha, na onyo lenyewe si upuuzi, kwani mtoto huweza kudhani ni peremende.

Maonyo mengi ya aina hii chanzo chake ni Marekani, ambako mtengenezaji asiyeonya hushtakiwa. Mwaka 1992, huko Albuquerque, Stella Liebeck, mwenye miaka 79, alimwagikiwa na kahawa ya McDonald's mapajani, akaungua hadi akapandikizwa ngozi. Mwaka 1994 baraza la mahakama likampa mamilioni ya dola, ingawa jaji aliyapunguza. Watu wanaicheka kesi hiyo hadi leo: nani asiyejua kahawa ni moto? Wanachosahau ni kwamba kikombe kile kilikuwa na onyo tayari, ila halikuonekana vyema.

Sasa njugu, yaani karanga zenyewe. "Huenda" ni neno la shaka, na pakiti ya njugu haina shaka yoyote. Lakini wako watu ambao chembe ndogo tu ya karanga huwavimbisha koo, na kiwanda hupitisha njugu na korosho kwenye mashine zilezile. Kwa hiyo kwenye pakiti ya korosho andika "Huenda ikawa na chembe za karanga". "Huenda ina" sikioni mwangu halikai. Kwenye pakiti ya njugu andika "Njugu".