Kusitiriwa si kujificha: namna ya kutoka kwenye aibu inayokausha imani

Kiswahili cha Pwani kina maneno kadhaa kwa jambo hili la aibu, na kuyachanganya kunawatesa waumini wengi. Kuona haya ni adabu: mwenye haya hapayuki barazani, huinamisha macho mbele ya mkubwa, na tunamsifu kwa hilo. Fedheha hutokea hadharani, watu wakashuhudia. Hatia ni ya tendo: nimeiba, nimedanganya, nimezini. Aibu tunayoisemea hapa ni ile inayomfanya mtu aimbe kwaya kila Jumapili huku akijiambia kwamba hawa wangenijua, wasingenipa hata kiti. Hatia husema nilitenda. Aibu husema hivi ndivyo nilivyo.

Soma tena Mwanzo sura ya 3 polepole. Adamu na mkewe wanashona majani ya mtini, wanajivika. Mungu anapoita, Adamu anajibu: "nikaogopa kwa kuwa mimi ni uchi, nikajificha." Lakini wakati huo alikuwa tayari amevaa majani! Nguo aliyojishonea haikumwondolea hofu ya kuonekana. Kinachofuata katika mstari wa 21 ni kwamba Mungu mwenyewe anawafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika. Mtu wa Mombasa analo neno la kitendo hicho: sitara. Kujificha unafanya peke yako, na hakuna aliyekuona. Kusitiriwa kunamhitaji mwingine, aliyekuona ulivyo, kisha akakufunika. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na kila mkunga anajua walisema kweli.

Kwa hiyo muumini anayetaka kutoka kwenye aibu atalazimika kuonekana, angalau na mtu mmoja. Kabla ya hapo kuna kazi ya karatasi.

Tenga dakika ishirini, funga mlango, chukua karatasi na uipige mstari katikati. Kushoto andika matukio, kila moja na kitenzi chake na mwaka wake: nilichukua, nilimwacha, nilipigwa, nilifukuzwa. Kulia andika jina unalojiita kwa sababu ya tukio hilo: mchafu, mwizi, tasa, mnafiki. Kisha kila tukio la kushoto lipe alama moja kati ya tatu: nilitenda, nilitendewa, au ni hali tu. Hali ni kama kuzaliwa nje ya ndoa, kukosa mtoto, kuishi na virusi vya UKIMWI, au kushindwa kulipa kodi ya nyumba mpaka ukafungiwa mlango. Ukimaliza, choma karatasi. Katika nyumba za vyumba, karatasi ina miguu.

Alama hizo tatu ndizo zinazoamua dawa, na hapa ndipo makanisa yetu yanapokosea sana. Mtu anapewa toba kwa kila kitu. Binti aliyebakwa anaongozwa sala ya toba. Mama asiyezaa anaambiwa achunguze dhambi ya ukoo. Wanaenda mbele madhabahuni kila kesha, wanalia, wanarudi nyumbani na aibu ileile, kisha wanaona aibu ya pili kwamba hata maombi hayawafai. Hayawafai kwa sababu hawana cha kutubu. Waumini wa kwanza wa Frere Town, Mombasa, ng'ambo ile ya Kisauni, kuanzia mwaka 1875, walikuwa wengi wao watu waliotolewa katika utumwa. Nani angethubutu kuwaambia watubu kwa kuuzwa?

Kama aibu yako inatokana na ulichotendewa, na ni juzi tu, mambo ya mwili yaende mbele ya kila kikao cha wazee. Nenda hospitali haraka, ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazianzishwi baada ya hapo. Usioge. Nguo ulizovaa zitie katika bahasha au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu na kuharibu ushahidi. Hapa Mombasa, hospitali kuu ya Coast General ina kitengo cha waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Simu ya bure nchini Kenya ni 1195, na kwa mtoto ni 116. Maombi yaende sambamba na hayo. Na mzee wa kanisa asithubutu kuitisha kikao cha kumpatanisha aliyeumizwa na aliyemuumiza. Tumesema thubutu kwa makusudi.

Sasa tuje kwa uliyoyatenda. Ungama kwa Mungu kwa kitenzi na kiasi. "Bwana nisamehe dhambi zangu zote" ni sala ya kweli lakini aibu hupita chini yake kama maji chini ya mkeka. Sema hivi: "Mwezi wa Machi nilichukua shilingi 18,000 za chama, nikamwambia mweka hazina kwamba mchango haujaingia." Itamke kwa sauti, hata kwa kunong'ona. Soma Zaburi ya 51 yote, mistari 19, ukiweka jambo lako mahali Daudi anapoweka lake. Fanya hivyo mara moja. Kesho yake ukikumbuka, usiungame upya. Shukuru kwa 1 Yohana 1:9, inayoahidi kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu hutusamehe. Kuungama jambo lilelile kila asubuhi kunafanana na unyenyekevu, lakini ni kumwambia Mungu kwamba humwamini alipojibu.

Wengi wakishafika hapa husimama, wakasema mimi na Mungu tumemalizana. Kwa hatia, ndiyo, mmemalizana. Aibu lakini ni hofu ya nyuso, na hofu ya nyuso huponea mbele ya uso. Yakobo 5:16 hausemi ungameni ili msamehewe, unasema ungameni ninyi kwa ninyi, mwombeane, "mpate kuponywa."

Mtu wa kumwambia

Chagua mmoja, si kikundi. Awe wa jinsia yako. Asiwe anayekudai wala unayemdai, asiwe ndugu wa mumeo au mkeo, asiwe mtu ambaye kesho utamwomba kazi. Mchunguze kwa masikio: je, amewahi kukuletea siri ya mwingine? Msikilize hasa wakati wa maombi, kwa sababu umbea wa kanisani huvaa nguo ya maombi: "Wapendwa, tumkumbuke dada fulani, anapitia jambo zito na mumewe…" Anayefungua hivyo mambo ya watu, hata kama ana upako wa kutetemesha mabati, mwache. Ukipata unayemdhania, mpe jambo dogo kwanza, usubiri wiki mbili au tatu. Likikurudia kutoka kinywa kingine, umepata jibu kwa bei nafuu.

Mkatoliki ana njia iliyo tayari katika kitubio, maana padre amefungwa kabisa asifichue alichosikia. Kwa wengine, uliza mapema bila kuona haya: "Haya nitakayokwambia yataishia kwako?" Mchungaji mwingine huona ni wajibu wake kuwashirikisha wazee, na ni heri ulijue hilo kabla hujafungua mdomo. Msikilizaji mwema naye atakwambia mpaka wake: kama kuna mtoto aliye hatarini, hatanyamaza.

Mahali pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mlangoni mwa kanisa baada ya ibada hapafai. Kila mtu anapita kukusalimia. Chumbani hapafai kama kuta hazifiki darini, jirani anasikia mpaka unavyopumua. WhatsApp usijaribu kabisa, maandishi hupigwa picha na picha haina toba. Mama Ngina, ufukweni mwa Mombasa, upande wa baharini, siku ya kazi, mchana kabla watu hawajajaa, panafaa sana: upepo unafunika sauti, na mnakaa ubavu kwa ubavu mkitazama bahari. Kwa mara ya kwanza ni rahisi zaidi kusema bila kutazamana.

Tengeni saa nzima, na jambo lenyewe litoke ndani ya dakika kumi za mwanzo. Tunasisitiza hili kwa sababu kosa linalotokea mara nyingi ni mtu kuzunguka, akaongelea kazi, watoto, hali ya uchumi, halafu jambo lenyewe analitupa akiwa anapanda tuktuk. Andaa sentensi moja nyumbani: "Kuna jambo nimelibeba tangu mwaka fulani, nataka ulisikie lote kabla hujasema neno." Kisha sema kitenzi kile ulichokiandika. Usijitukane. Ukianza "mimi ni mbwa tu," umemlazimisha mwenzako akubembeleze badala ya kusikia.

Na wewe unayesikiliza: usishtuke kwa sauti, usirukie "hata mimi," usichomoe aya haraka kama mwenye duka anayetaka kufunga. Mwache amalize. Neno la kwanza liwe: "Asante kwa kuniambia. Bado niko hapa." Tazama Yohana 21. Petro alimkana Bwana mara tatu akiota moto wa makaa, na Yesu mfufuka anamngoja ufukweni kwenye moto wa makaa. Kabla ya kumwuliza Petro lolote anasema, "Njoni mfungue kinywa." Samaki na mkate kwanza, maswali matatu baadaye. Na yule baba wa Luka 15 hakungoja mwanawe amalize hotuba aliyoikariri njiani. Vazi liliitwa kabla hajaomba kufanywa mtumishi.

Kisha kuna siku ya pili, ambayo watu hawaonywi. Asubuhi yake utajuta. Utatamani kumkwepa yule mtu, utapanga kuhamia kanisa jingine, utahisi kila anayecheka anakucheka wewe. Hiyo ni aibu inayopigania nyumba yake, na hupungua baada ya siku tatu nne. Kubalianeni mapema kwamba msikilizaji ndiye atakayetafuta kwanza, ndani ya saa 24, kwa neno fupi la kawaida: umeamkaje? Mkutane tena baada ya wiki, halafu mara tatu nne zaidi. Mkutano mmoja hautoshi, kwa sababu utabaki kujiuliza kama bado anakuheshimu. Ila kama usingizi umekwisha kabisa, chakula hakishuki, au umeanza kuwaza kufa, mwambie leo hii akusindikize hospitali.

Palipo na deni, lipa. Zakayo alisema mara nne. Wewe anza hata kwa shilingi 1,000 kila mwezi, kwa M-Pesa, na uweke kumbukumbu. Epuka kulilipa kwa utumishi. Kuna watu wako kwenye kamati nne, wanafagia kanisa Jumamosi, wanafunga siku 21 kila Januari, na chini ya yote ni majani ya mtini. Kwa muda, punguza huduma.

Kama kanisa lako limekutenga na Meza ya Bwana, omba kuambiwa mambo matatu: ni kwa muda gani, nani ataamua mwisho, na nini kinatakiwa kwako. Nidhamu isiyo na tarehe hugeuka fedheha. Wazee nao wakumbuke Wagalatia 6:1, "kwa roho ya upole," na waache kabisa desturi ya kumkalisha binti mjamzito benchi la nyuma huku kijana aliyempa mimba akipiga kinanda. Jambo hilo halivumiliki.

Aibu itarudi, mara nyingi katikati ya wimbo au baada ya mahubiri makali. Ikirudi, iulize tarehe. Kama haina tendo jipya, hakuna cha kuungama: mpigie yule mtu mmoja, mwambie "imerudi," kisha muongee bei ya samaki sokoni Kongowea.