Mkono unatetemeka jukwaani: nimeze vidonge vya presha?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 23, napiga fidla katika kikundi cha taarab hapa Unguja. Mazoezini mkono umetulia, lakini jukwaani, zaidi nikipewa taksim, ile sehemu ya kupiga peke yangu kwa kubuni papo hapo, upinde unatetemeka mpaka sauti inakwaruza. Mwenzangu amenipa vidonge vya presha, propranolol za miligramu 40, vilivyobaki kwa mzazi wake. Kaniambia nimeze kimoja nusu saa kabla ya kupanda, na nisipoona kitu niongeze cha pili. Anasema hata Wazungu wa okestra wanavimeza na havidhuru. Utotoni nilikuwa na pumu ila imeshapona. Mama naye anaona ni hasadi, anataka nikasomewe. Tuna harusi mwezi ujao. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usivimeze, hata nusu. Kilichonishtua katika barua yako ni pumu, nawe umeitaja kama jambo lililokwisha.

Kwa nini mkono hutetemeka unajua mwenyewe, sitarudia. Usichoambiwa ni namna kidonge hicho kinavyouzuia. Adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa ukiogopa, hufanya kazi kwa kugusa vipokezi vilivyotawanyika mwilini. Vya moyoni vikiguswa, mapigo yanakwenda mbio. Vya kwenye misuli vikiguswa, vidole vinatetemeka. Vipo pia kwenye mapafu, na huko kazi yake ni kuziweka njia za hewa wazi. Propranolol haibagui, inavifunga vyote. Kwa mtu mwenye kifua kizima hilo halionekani. Kwa mtu aliyewahi kuwa na pumu, hata kama ni miaka kumi hajakohoa, njia za hewa huweza kuwa bado ni nyepesi kubana, na dozi moja tu huweza kuzibana. Mbaya zaidi, pampu ya pumu, ya salbutamol, ambayo ndiyo ingekuokoa hutegemea vipokezi vilevile ambavyo kidonge kimekwisha kuvifunga. Unavuta, unavuta tena, haishiki kama ilivyozoeleka. Hapo uko ukumbini usiku, katikati ya watu waliovaa mapambo, na hakuna anayejua ulichomeza.

Maelekezo ya mwenzako yana kosa la pili. Propranolol ya kumeza hufikia kilele chake kwenye damu baada ya saa moja hadi nne. Anayemeza nusu saa kabla ya kupanda hatasikia kitu, atadhani dawa ni dhaifu, ataongeza. Viwili vitamkuta katikati ya bashraf, ule muziki wa ala usio na uimbaji, mapigo yako chini, kichwa chepesi, na akiinuka ghafla kitini huenda akaanguka. Tena dawa hii hupitia kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na maini ya watu hayafanani. Kidonge kilekile humwachia mmoja kiasi kidogo kwenye damu na mwingine mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo dozi ya mzazi wa rafiki yako haikuambii chochote kuhusu dozi yako.

Hoja ya Wazungu wa okestra naisikia kila mara, na inanichosha. Ni kweli kwamba mwaka 1987 wanamuziki wa okestra kubwa za Marekani waliulizwa, na asilimia 27 walisema wamewahi kutumia dawa za kundi hili. Watu wanaikariri takwimu hiyo kama fatwa. Kwamba wengi wanameza hakumfanyi mwenye pumu awe salama, wala mwenye kisukari anayechoma insulini, ambaye dawa hii inaweza kumfichia dalili za sukari kushuka mpaka azimie, wala mwenye mapigo ya taratibu kwa asili. Mimi mwenyewe naiandika dawa hii kwa baadhi ya wanamuziki. Lakini kwanza nasikiliza kifua, napima presha na mapigo, nauliza kuhusu pumu, sukari na dawa nyingine, kisha naanza na kiasi kidogo, mara nyingi miligramu 10. Tena mgonjwa huijaribu nyumbani siku isiyo na shughuli, asije akakutana nayo mara ya kwanza jukwaani.

Hata anayefaa kuimeza, nataka ajue anachopata. Anapata mkono uliotulia na moyo usiopiga ngoma kifuani. Hofu iliyoko kichwani inabaki palepale, na sehemu ambayo hukuifanyia mazoezi inabaki haijafanyiwa mazoezi. Wengi mnaokuja kwangu mnataka hofu ing'oke kabisa, mnaihesabu kuwa ugonjwa au dalili kwamba hamkuzaliwa kwa muziki. Pablo Casals, mpiga seli wa Hispania, alipiga hadharani kwa miongo mingi na dunia nzima ikamjua, naye alikiri kwamba woga wa jukwaa haukumwacha. Alipiga nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Chuo Kikuu cha Harvard uliwafanya watu waimbe mbele ya wengine. Waliojiambia kwa sauti kwamba wamesisimkwa waliimba vizuri kuliko waliojiambia kwamba wametulia. Mwili uliokwisha kuwaka ni vigumu kuuzima kwa amri.

Sasa taksim yako. Inakutisha zaidi kwa sababu wenzako wamenyamaza, na mpigo mrefu wa polepole wa upinde ndio unaoonyesha kila mtikisiko. Mwombe mwalimu wako mkae na maqamu, yaani ngazi za sauti, mnazotumia zaidi, rasti, bayati, hijazi, na katika kila moja uwe na vipande viwili vifupi vya kufungulia ambavyo mkono unavijua usingizini. Hiyo haiui ubunifu. Ubunifu utakuja ukishavuka nusu dakika ya kwanza. Mtu mwenye hofu hubana upinde kwa kidole gumba, na kubana huongeza mtetemeko. Legeza gumba, uache uzito wa mkono ukae kwenye nyuzi, na uanze na mpigo wenye mwendo kabla ya kwenda kwenye ule mrefu.

Kisha ufanye mazoezi ukiwa umetetemeka. Panda ngazi mbio mpaka moyo udunde, chukua fidla papo hapo, piga taksim. Wapigie mashangazi sebuleni, kesho majirani, keshokutwa jamaa wa barazani, na umwambie mmoja wao asimame karibu yako na kupita mbele yako, kama wanavyopita watu wakienda kumtunza mwimbaji kwa fedha. Kupiga peke yako chumbani mara mia hakukufundishi hilo. Siku yenyewe acha kahawa, maana inaongeza mtetemeko, na ule chakula mapema. Dakika chache kabla ya kupanda toa pumzi polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Kuhusu mama, sina ugomvi na dua, na ukisomewa ukatulia, alhamdulillahi. Ugomvi wangu ni na yule atakayekuuzia kinga ya hasadi kwa fedha ya miezi miwili na kukuambia kwamba mpigaji mwenzako ndiye aliyekufunga mkono. Nimeona vikundi vikivunjika kwa maneno hayo, na mkono ukabaki unatetemeka.

Na wauza kinga hawako peke yao. Siku hizi waimbaji wa kwaya, wa kaswida na wa bendi wanatumiana kwenye simu matangazo ya matone ya kujiamini na chupa za kufungua sauti zisizo na jina la kilichomo. Kuna maduka ya dawa yanayouza propranolol kama peremende, bila cheti na bila swali hata moja. Kuna wanaogawiana diazepam nyuma ya jukwaa, dawa inayopumbaza kumbukumbu na wepesi wa vidole, vitu viwili ambavyo mpigaji hawezi kuvikosa, na ukiizoea inakushika. Kuna wanaokunywa pombe kidogo ya kutoa aibu, na kidogo hicho huwa kinaongezeka kila msimu. Wanaouza na wanaogawa hawamwulizi mtu kama ana pumu. Mwenye duka, uliza. Kiongozi wa kikundi, ukiona vidonge vinapita mikononi kabla ya onyesho, visimamishe, hata kama onyesho litachelewa.

Wewe njoo kliniki, au nenda kituo kilicho karibu nawe, ukapimwe kifua kabla ya harusi, na vidonge hivyo uende navyo. Kama ulikwisha kumeza kimoja kabla ya kusoma jibu hili na kifua kinabana au kinapiga filimbi, usingoje asubuhi. Nenda hospitali sasa na uwaonyeshe pakiti, kwa sababu wasipojua kilichoko mwilini watakupa dawa ya kawaida ya pumu na kushangaa kwa nini haikusaidii.